Aliyeita "amani!" ana haki gani kwa mshindi?

NENO amani tumelizoea mno hata limechujuka. Tunaliimba kwenye mikutano ya hadhara, tunalisoma kwenye mabango wakati wa uchaguzi, na kila kiongozi akikosa la kusema hutuhimiza tuitunze. Lakini katika vitabu vya fiqhi neno hili lina maana finyu zaidi na nzito zaidi. Amani ni ahadi. Mtu aliyezidiwa vitani, au aliyezingirwa ndani ya ngome, akiita "amani!" na akapewa, basi damu yake, mali yake na watu aliokuwa nao vinakuwa haramu kwa yule aliyempa. Hapo si hisani tena, ni deni. Na wanazuoni wengi wamesema kuwa deni hilo halimfungi amiri wa jeshi peke yake. Amani ikitolewa na Muislamu wa kawaida kabisa, asiye na cheo wala silaha, inawafunga waliobaki wote.

Swali ninaloomba tulitafakari wiki hii linatokana na maana hiyo ya pili. Mtu aliyeasi, akapigana na ndugu zake, kisha akaona maji yamemfika shingoni akaweka silaha chini, ana haki gani? Je, kusalimu amri kwake kunamfanya kuwa mtu mwenye ahadi mkononi, au ni windo lililochoka kukimbia?

Kwa sisi tunaoishi wilaya hizi za kusini, Nachingwea ninakofundisha, Ruangwa, na kushuka hadi Masasi na Newala, swali hili halipo vitabuni tu. Tangu Oktoba 2017, ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo vimechoma miji na kuhamisha watu kwa mamia ya maelfu. Oktoba 2020 moto huo uliruka mto ukafika Kitaya, mkoani Mtwara, na polisi walieleza kuwa miongoni mwa washambuliaji walikuwemo Watanzania. Kama walikuwemo, basi wana mama na baba. Nitarudi kwao. Kwanza tuanze mbali kidogo, Unguja, kwa sababu huko kuna kisa ambacho vijana wetu hawafundishwi ipasavyo, nacho kinalibeba swali hili tangu mwanzo hadi mwisho.

Sayyid Said bin Sultan alifariki baharini Oktoba 1856, akiwa njiani kutoka Maskati kurudi Unguja. Aliacha dola yenye pande mbili na watoto wengi. Sayyid Thuwaini alishika Maskati, Sayyid Majid akashika Unguja. Lakini alikuwepo kijana mwingine, Barghash, aliyekuwa merikebuni na baba yake alipokata roho. Inasimuliwa kuwa usiku ule jeneza lilipofika Unguja, Barghash alijaribu kuitia ngome ya mjini mkononi mwake kabla watu hawajajua kuwa mfalme amekufa. Askari hawakumkubali. Jaribio likafa, ila tamaa haikufa.

Miaka mitatu baadaye, 1859, mambo yakaiva. Mapema mwaka huo Thuwaini alitoka Maskati na merikebu za vita aje kumng'oa nduguye, Waingereza wakamzuia njiani. Oktoba ikawa zamu ya Barghash. Alikuwa na kundi kubwa la Waarabu wa kabila la Al-Harthi nyuma yake, na baadhi ya ndugu zake wa damu. Majid alipogundua njama, aliizingira nyumba ya Barghash pale mjini, chakula na maji vikawa shida. Waliomwokoa ni dada zake wawili, Bi Khole na Bi Salme. Walikwenda kwake usiku na wajakazi wao, wakatoka naye akiwa amevishwa nguo za kike, na askari wa zamu, kwa heshima waliyokuwa nayo kwa wanawake wa nyumba ya kifalme, hawakumfunua mtu uso.

Bi Salme alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu. Ndiye aliyekuwa akiwaandikia wanamapinduzi barua zao, kwa kuwa alikuwa amejifundisha kuandika mwenyewe kwa kunakili herufi za Qur'an kwenye mfupa wa bega la ngamia. Baadaye, kama inavyojulikana, alikwenda Ujerumani akaacha Uislamu, na kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo tusimsome. Mimi nasema ushahidi wa macho ni ushahidi wa macho. Tuupime kama tunavyoupima ushahidi wa yeyote.

Barghash alikimbilia shamba liitwalo Marseilles. Jina hilo la Kifaransa lilitokana na marehemu Sayyid Khalid, kaka yao, aliyependa mambo ya Ufaransa. Nyumba ya shamba ilikuwa imegeuzwa ngome: silaha, chakula, watu. Majid akaenda na jeshi lake, akisaidiwa na maofisa na mizinga ya manowari za Kiingereza. Siku ile haikutosha kuiangusha. Wengi walikufa, Bi Salme anasema ni mamia, wakiwemo watumwa ambao hakuna aliyewauliza wanampenda Majid au Barghash. Kulipokucha, Waingereza walipokuja na nguvu zaidi, wakakuta ngome ni tupu. Barghash alikuwa amepenya usiku na kurudi nyumbani kwake mjini.

Ndipo nyumba ile ikazingirwa mara ya pili, safari hii na wanamaji wa Kiingereza wakiwa na balozi wao Rigby, na risasi zikaanza kumiminika ukutani na madirishani. Bi Salme anasimulia kuwa Bi Khole alitoka kwenda kumwombea kaka yao kwa balozi, na kwamba kutoka ndani ya nyumba sauti zilipazwa: amani! amani! Risasi zikanyamaza. Barghash akatoa upanga wake. Akala kiapo hadharani, kisha akapakiwa merikebuni kupelekwa Bombay pamoja na mdogo wake, Abdulaziz. Alikaa uhamishoni takriban miaka miwili.

Hapa ndipo wanafunzi wangu hugawanyika. Wavulana wengi husema Barghash alijidhalilisha, bora angefia ndani ya Marseilles. Hii ndiyo akili tunayoilea kwa filamu na kwa mashairi ya ushujaa, kuwa ngome ikizidiwa ni bora wote wafe ndani yake. Huwauliza: wafe wote, kwa nini? Kwa dini? Majid na Barghash walisali kuelekea kibla kimoja, na wote wawili walikuwa Maibadhi. Kwa ardhi iliyovamiwa? Unguja ilikuwa ya baba yao wote. Ilikuwa ni vita ya nani akalie kiti. Katika vita ya namna hiyo, mtu anayeendelea kupigana baada ya kujua ameshindwa anawaua wafuasi wake ili asione haya yeye. Sioni ushujaa hapo.

Historia yetu ya Kiislamu ina mifano iliyo mizito kuliko huo. Sayyidna Uthman (r.a.) alizingirwa nyumbani kwake Madina mwaka 35 Hijria, na mzingiro ule ndio mlango wa fitna kubwa ya kwanza baina ya Waislamu. Hakukubali kujivua ukhalifa kwa shinikizo la waasi, lakini pia aliwazuia waliotaka kumwaga damu kwa ajili yake. Akauawa. Miaka michache baadaye, mwaka 41 Hijria, Sayyidna Hasan bin Ali (r.a.) akiwa na jeshi nyuma yake alimkabidhi Muawiya uongozi ili damu isimwagike. Wapo waliomtukana kwa hilo, miongoni mwa watu wake mwenyewe. Umma ukauita mwaka ule Mwaka wa Jamaa. Mmoja hakukabidhi, mwingine alikabidhi, na hakuna Muislamu mwenye akili anayemwita yeyote kati yao mwoga. Kwa hiyo kipimo hakiko kwenye kukabidhi au kutokabidhi. Kiko kwenye nani analipia uamuzi wako kwa damu yake.

Hayo ni ya aliyeshindwa. Lakini mimi, ndugu msomaji, naona tunamwandama sana aliyeshindwa na kumwacha mshindi apite bila kuulizwa. Mtihani mkubwa uko kwake. Aliyeshindwa keshafungwa mikono na hali, hana cha kuchagua ila kufa au kuita. Mwenye hiari ni yule aliyeshika upanga na anaisikia sauti.

Qur'an imeliweka jambo hili mahali kadhaa. Katika Suratul Hujurat (49:9-10) imeagiza makundi mawili ya waumini yakipigana yapatanishwe. Moja likidhulumu lipigwe mpaka lirejee kwenye amri ya Mwenyezi Mungu. Na likirejea, upatanishi uwe wa uadilifu. Angalia mpangilio wake. Kupigwa kuna mwisho, na mwisho wake ni kurejea, wala siyo kumalizwa. Tena walioasi hawakuvuliwa jina la waumini wala undugu. Katika Suratut Tawba (9:6), hata mshirikina akiomba hifadhi anapewa, na anatakiwa afikishwe mahali pake pa usalama. Hajaambiwa tu aachwe aondoke, afikishwe. Ikiwa mshirikina ana haki hiyo, ndugu yako wa tumbo moja ana haki gani?

Siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani, dada yake Sayyidna Ali, aliwapa amani watu wawili wa upande wa mumewe. Ali akataka kuwaua. Yule mama akaenda moja kwa moja kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akaithibitisha amani yake: aliowahifadhi yeye wamehifadhiwa. Mwanamke mmoja, bila jeshi, neno lake likauzuia upanga wa Ali. Na Ali mwenyewe alilielewa somo. Baada ya vita vya Ngamia, mwaka 36 Hijria, imepokewa kuwa aliamuru anayekimbia asifuatwe, majeruhi asimaliziwe, anayetupa silaha na anayefunga mlango wake wawe salama, na mali zao zisifanywe ngawira. Bibi Aisha (r.a.), aliyekuwa upande wa pili, alisindikizwa hadi Madina kwa heshima. Wanazuoni waliokuja baadaye walizijenga hukumu za uasi juu ya mwenendo wake siku ile.

Mshindi ana hoja zake, tusijifanye hatuzijui. Ya kwanza ni kuwa huyu ameita amani kwa kuogopa tu, angepata nafasi angetumaliza. Huenda ni kweli. Barghash hakuita amani Oktoba 1856 wala alipokuwa Marseilles ana mizinga. Aliita risasi zilipoingia sebuleni. Lakini Usama bin Zayd (r.a.) alipomuua mtu vitani baada ya yule kutamka shahada, akajitetea kuwa ametamka kwa kuogopa upanga, Mtume (s.a.w.) alimkemea kwa kumuuliza kama aliupasua moyo wake. Akalirudia karipio lake hata Usama akatamani angekuwa amesilimu siku hiyo. Moyo wa anayesalimu amri si kazi yetu. Mikono yake ndiyo kazi yetu: imeshika silaha au haikushika?

Hoja ya pili ni nzito zaidi: atarudia. Hapa sheria yetu si ya watu wajinga. Abu Azza, mshairi wa Makka, alitekwa Badr akaachiwa kwa ahadi kuwa hatapigana tena. Akakamatwa tena katika vita vya Uhud, na mara hiyo hakusamehewa. Amani ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Kadhalika katika Suratul Maida (5:33-34), baada ya adhabu kali za wanaofanya ufisadi kwa silaha, wametolewa wale waliotubu kabla ya kutiwa nguvuni. Wanazuoni wakafafanua kuwa aliyetubu kabla hajakamatwa huondokewa na adhabu ile maalum, lakini haki za watu haziondoki. Aliyeua, mwenye damu ana la kusema, aliyepora atarudisha. Kwa hiyo anayedhani amani maana yake ni kufuta kila kitu, hajafahamu. Amani inamtoa mtu kwenye uwanja wa vita na kumweka mbele ya haki. Kinachoharamishwa ni kumtoa kwenye uwanja wa vita na kumpeleka porini usiku.

Tumrudie Majid. Je, aliitimiza? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Barghash hakuuawa. Bi Salme na Bi Khole, ambao hatia yao ilijulikana mji mzima, hawakuadhibiwa, na Bi Salme mwenyewe anakiri ungwana wa kaka yake Majid. Abdulaziz hakuguswa. Na Majid alipofariki Oktoba 1870, aliyekalia kiti alikuwa ni yuleyule Barghash, mtu ambaye kwa desturi za wafalme wengi angekuwa ameoza kaburini miaka kumi na moja nyuma. Akatawala mpaka 1888, akaleta maji ya bomba mjini na kujenga Beit al-Ajaib. Unguja haikuingia kwenye visasi vya nyumba kwa nyumba.

Ila kisa kina upande mwingine, na uzalendo wowote wa Kizanzibari haupaswi kuuficha. Amani ile haikuwa ya Majid peke yake kuitoa. Mizinga ilikuwa ya Waingereza, aliyesimama mbele ya nyumba ni Rigby, na mlango aliokwenda kubisha Bi Khole ulikuwa wa balozi wa kigeni. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Waingereza walipindua methali: ndugu walipogombana, wao ndio waliochukua kapu. Mwaka 1861 Lord Canning, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Kiingereza India, aliigawa rasmi dola ya Sayyid Said, Maskati mbali na Unguja mbali, na Unguja ikatakiwa iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Barghash naye alijifunza somo. Akida wake wa Mombasa alipoasi na kujifungia ndani ya Ngome ya Yesu, Januari 1875, zilizoipiga ngome ile ni manowari za Kiingereza. Mwaka 1890 Unguja ikawa chini ya himaya yao. Na 1896 Khalid, mtoto wa Barghash huyuhuyu, aliponyakua kiti, Waingereza waliipiga kasri kwa mizinga ikaanguka kwa muda usiofika saa moja.

Nalitaja hili kwa sababu Suratul Hujurat imewaambia waumini wapatanishe. Asipopatikana mpatanishi ndani ya nyumba, atatoka nje, na wa nje hafanyi kazi bure.

Sasa turudi bara, kusini hii hii. Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Majimaji, boma la Wajerumani la Liwale, jirani zetu wa Nachingwea na Ruangwa, lilizingirwa na kuteketezwa. Vita ile ilikuwa dhidi ya mgeni, siyo ya ndugu kwa ndugu, ingawa askari wengi waliomtumikia Mjerumani walikuwa weusi kama waliowazingira. Mjerumani alipopata nguvu tena akaweka masharti ya amani: leteni silaha, leteni na viongozi wenu. Hiyo ni amani ya namna gani, ambayo bei yake ni kumuuza mwenzako? Februari 1906 wapiganaji wa Kingoni walinyongwa kwa makumi pale Songea, na njaa iliyofuata kwa kuchomwa mashamba na maghala iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wetu wameweka idadi ya waliokufa kati ya 250,000 na 300,000. Yule alikuwa mkoloni, hatukutegemea kitu kwake.

Wa 1975 hawakuwa wakoloni. Nachingwea, mji uliozaliwa na mradi ule wa karanga wa Waingereza mwaka 1947, ulikuja kuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO. Hapa walifundishwa vijana waliomtoa Mreno, na watu wa Nachingwea wana haki ya kujivunia. Tuliwapa ardhi, tuliwapa chakula tulichokuwa nacho. Lakini Mei 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, kambi ile ilishuhudia jambo jingine. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO akiwa na Mondlane, kisha akatofautiana na wenzake na kuanzisha siasa za upinzani, alikuwa amekamatwa Malawi na kukabidhiwa. Mbele ya maelfu ya wapiganaji alisomeshwa ungamo refu la usaliti wake. Hakuwa peke yake.

Tuwe waadilifu: Simango hakuita amani mwenyewe kama Barghash, alikamatwa. Lakini alikuwa mtu asiye na silaha, aliyeshindwa kabisa, aliye mikononi mwa watu waliopigana naye bega kwa bega miaka mingi. Hoja za Samora na wenzake zilikuwa na uzito wake: nchi changa, maadui wa Rhodesia na Afrika Kusini mlangoni, wasaliti wa kweli wakiwepo. Walisema hawatawaua, watawafunza upya. Wakavushwa mto. Kisha katika miaka iliyofuata Simango, na Joana Simeão, na Lázaro Nkavandame, yule mzee wa Kimakonde aliyekimbilia kwa Wareno mwaka 1969, wakauawa bila hukumu ya mahakama. Mke wa Simango, Celina, naye akauawa baadaye. Hadi leo serikali haijasema wazi lini na vipi.

Sisemi vita vya RENAMO vilivyodumu kuanzia 1977 hadi mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992 vilisababishwa na mauaji hayo. Wenye fedha na silaha za vita vile wanajulikana. Ninachosema ni kuwa kila mpinzani aliyekuwa msituni katika miaka ile alikuwa na jibu tayari akiambiwa aweke silaha chini: aliyekwisha kuiweka yuko wapi? Mshindi akimvunjia ahadi mmoja, amewafungia mlango wote waliobaki nje, na yeye mwenyewe anabaki anapigana na watu wasio na pa kurudi. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walikufa kwa vita ile na njaa yake. Barghash alirudi kutoka Bombay. Simango hakurudi. Wanawe waliirudia siasa badala ya bunduki: Daviz alichaguliwa meya wa Beira mwaka 2003, mwaka 2009 akaanzisha chama cha MDM, na alipofariki Februari 2021 kaka yake Lutero akashika uongozi wa chama. Hiyo ni bahati ya Msumbiji, na hakuna aliyeistahili.

Na sasa Cabo Delgado. Serikali ya Msumbiji imewahi kutangaza zaidi ya mara moja kuwa vijana watakaoacha silaha watapokelewa. Maneno hayo ni mazuri, na yamesemwa na chama kilekile. Waislamu wa kusini tumeyapokea vipi? Kwa kunyamaza. Kila mtu anaogopa kuwa akitamka neno "amani" kwa ajili ya kijana aliyepotea ataonekana anawatetea wauaji. Misikitini tunalaani, na kulaani ni wajibu, maana waliochinja wanavijiji na kuchoma nyumba zao wamefanya lile ambalo dini imelikataza kwa maneno makali kabisa. Lakini baada ya kulaani kuna kazi iliyobaki. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyedanganywa kuwa anapelekwa kusoma au kufanya biashara, akajikuta porini, akaona damu, akataka kutoroka, anajua atapokelewaje? Akija kwetu anajisalimisha kwa nani? Kwa mtendaji wa kijiji, kwa polisi, kwa imamu? Nani ataandika kuwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe kabla ya kukamatwa, tofauti ambayo Qur'an imeipa uzito wote ule? Nani atawajulisha wazazi wake kuwa yu hai na yuko wapi? Na mjane wa Kitaya ataketi wapi aseme haki yake mbele ya huyo kijana, badala ya kusikia redioni kuwa amesamehewa na watu ambao hawakufiwa?

Haya hayahitaji fatwa mpya wala semina ya hoteli. Yanahitaji masheikh wa Lindi na Mtwara wakae na wakuu wa mikoa na polisi, watoke na utaratibu ulioandikwa, unaojulikana kila msikiti na kila ofisi ya kijiji kutoka Ruangwa hadi ukingo wa mto, na wenye majina ya watu wanaowajibika. Bi Khole alijua angalau mlango wa kwenda kubisha, ingawa ulikuwa mlango wa mgeni. Ummu Hani alijua wake. Mama wa Nachingwea ambaye usiku wa manane mwanawe amerudi, amekonda, yuko nyuma ya nyumba anatetemeka, abishe mlango gani?